Mutoto akikawia kuja, bwana na bibi waende wote wawili kupimwa

Hapa kwetu Bukavu mwanamuke aliyeolewa hadumu na jina lake. Akizaa mutoto wa kwanza, kuanzia siku ile yeye ni Mama Furaha ao Mama Baraka, sokoni Kadutu, kanisani, hata kwenye daftari ya likelemba. Mwenye hajazaa anabaki «madamu», ao anaitwa kwa jina la bwana yake. Hakuna mutu anayefikiri kwamba hayo ni matusi. Lakini yeye anayasikia mara kumi kila siku.

Katika mikutano yetu miwili iliyopita, ulizo moja lilirudi: ndoa ina mwaka, ina miaka mitatu, mimba haionekani, tufanye nini? Wamama wa komite waliniomba niandike, sababu ninafundisha biolojia katika masomo ya sekondari. Mimi si munganga. Nitaeleza vile mwili unavyofanya kazi, na mambo yenye yanazuia mimba mara nyingi. Kutibu ni kazi ya wale wenye kusomea kutibu.

Mimba inaingia namna gani

Mutoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote tayari ndani ya ovari mbili: kama milioni moja mpaka mbili. Mayai hayo yanapunguka mwaka kwa mwaka. Wakati anavunja ungo anabaki na kama 300 000 ao 400 000, na katika maisha yake yote ni kama 400 tu, ao 500, yenye yatakomaa na kutoka. Mwanaume ni tofauti. Yeye anatengeneza mbegu kila siku, kuanzia ujana mpaka uzee, na mbegu moja inaomba zaidi ya miezi miwili ili ikomae. Mukumbuke jambo hilo la miezi miwili, tutalirudilia.

Kila mwezi yai moja linatoka kwenye ovari na kuingia katika murija. Mirija ni miwili, mumoja kuume na mungine kushoto, na ndani yake ni mwembamba sana. Ni mule ndani ya murija, si ndani ya kizazi, mbegu ya mwanaume inakutana na yai. Kisha yai lile linashuka polepole kwa siku kadhaa mpaka kwenye kizazi, na huko linajishika kwenye ukuta, kama vile mbegu ya maharagi inavyoshika udongo. Kwa hiyo inaomba mambo mengi yakutane: yai litoke, murija uwe wazi, mbegu ziwe za kutosha na zenye kutembea vizuri, kizazi kiwe tayari. Jambo moja tu likikosa, mwezi unapita bure.

Sasa, siku gani? Hapa ndipo ninaona watu wengi wanapotea, hata wenye walisoma. Wengine wanasema ni siku zile zinazofuata damu ya mwezi palepale. Wengine wamekariri «siku ya kumi na ine» kama sala. Ukweli ni kwamba yai linatoka kama siku 14 mbele ya damu inayofuata, si siku 14 kisha damu iliyopita. Kwa mwanamuke mwenye muzunguko wa siku 28, hesabu hizo mbili zinafika mahali pamoja, na ndiyo sababu kosa halionekani. Lakini mwenye muzunguko wa siku 35, yai lake linatoka karibu siku ya 21. Mwenye siku 24, ni karibu siku ya 10. Muzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya mwisho mbele ya damu nyingine kuanza.

Yai likishatoka linaishi saa 24, haizidi hapo. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamuke mpaka siku tano. Kwa hiyo siku zenye mimba inaweza kuingia ni kama sita: zile tano zenye kutangulia yai, na siku yenyewe. Karibu na siku hizo wengi wanaona ute wenye kuvutika kama ute wa yai la kuku. Ni alama nzuri, na haiombi feza. Lakini bwana na bibi wenye kulala pamoja kila siku mbili ao tatu, mwezi wote, hawana lazima ya kuhesabu kitu. Nimesikia juu ya nyumba zenye kalenda imetundikwa ukutani na bwana anaitwa kutoka kazini kama mutu anayeitwa polisi. Hiyo inaua furaha bure.

Hata mambo yote yakiwa sawa, vijana wenye afya wana bahati ya kupata mimba kama mara moja juu ya ine ao tano, kila mwezi. Ndiyo sababu waganga hawasemi kwamba kuna tatizo mbele ya miezi 12 ya kulala pamoja bila njia yoyote ya kuzuia mimba. Katika ndoa 100, zaidi ya 80 zinapata mimba ndani ya mwaka huo wa kwanza, na nyingine nyingi katika mwaka wa pili. Basi mama mukwe mwenye anaanza kupima tumbo la bibi-arusi kwa macho kwenye mwezi wa tatu, anahukumu mbele ya kesi kufunguliwa.

Lakini kuna wenye hawapashwi kungoja mwaka. Mwanamuke wa miaka 35 ao zaidi aende kisha miezi sita. Mwenye haoni damu ya mwezi, ao anaiona mara mbili tatu tu kwa mwaka, aende sasa. Vilevile mwenye aliwahi kuugua sana sehemu ya chini ya tumbo, mwenye alipata mimba nje ya kizazi, na bwana mwenye aliwahi kupasuliwa kwenye mapumbu.

Mirija, na historia yetu ya Kongo

Watu wanatuona sisi Wakongomani kama watu wa kuzaa sana. Ni kweli, uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulihesabu watoto 6,6 kwa kila mwanamuke. Lakini wachache wanajua kwamba inchi hii ilikuwa na majimbo yenye yalijulikana duniani kwa ukosefu wa watoto. Kuanzia 1955 mpaka 1957, serikali ya Wabelgiji ilifanya hesabu kubwa ya watu, na Anatole Romaniuk, aliyefanya kazi katika hesabu hiyo, akaandika kitabu juu ya uzazi wa Wakongomani, kilichotoka mwaka wa 1967. Katika Equateur kwa Wamongo, na upande wa Uele, wanawake wengi walikuwa wanafika uzee bila kuzaa hata mutoto mumoja. Wakati wa ukoloni watu walitaja sababu za kila namna: kazi ya nguvu, huzuni, uchawi, dawa za siri. Lakini sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, zaidi kisonono, chenye wengi wetu wanaita sopisi. Wakati penisilini ilifika na kuenea kisha Vita vya Pili vya Dunia, uzazi ulianza kupanda.

Ninaeleza hiyo sababu ugonjwa uleule bado uko katikati yetu, na dada yake anaitwa klamidia. Mwanaume mwenye kisonono mara nyingi anajua: anakojoa kwa uchungu, usaha unatoka. Mwanamuke mara nyingi hasikii kitu. Klamidia ni ya kimya zaidi, kwake na kwa bwana. Inapanda kutoka mulango wa kizazi mpaka kwenye mirija, inaacha kovu, na kovu linaziba. Wakati yule mwanamuke anaolewa, miaka tano kisha, ugonjwa wenyewe umesahaulika lakini mirija imefungwa. Ao imefungwa nusu: mbegu inapita, yai lenye limekuwa mimba halipiti, na mimba inakomalia ndani ya murija. Hiyo ndiyo mimba ya nje ya kizazi. Inaweza kupasuka na kuua mama kwa saa chache. Mwanamuke mwenye amekosa damu ya mwezi na anasikia uchungu mukali upande mumoja wa tumbo, ao anazimia, asingoje asubuhi.

Magonjwa hayo mawili yanatibika kwa antibiyotiki, na mapema haiachi alama. Ila kuna tabia mbili zenye zinanikasirisha. Ya kwanza ni bwana kwenda kwenye duka la dawa kwa siri, anajitibu peke yake, kisha bibi anamurudishia ugonjwa uleule wiki ya kufuata, na anaanza kumwita malaya. Wote wawili watibiwe siku moja, na wasilale pamoja mpaka dawa imemaliza kazi. Ya pili ni kununua vidonge vine ao sita vya rangi mbili, vyenye vinauzwa kwa kuhesabu kama bonbon, na kuacha wakati uchungu umepunguka.

Mirija inaharibika pia kwa njia zingine. Kutoa mimba kwa siri, kwa chuma ao majani, mahali pachafu. Kuzaa nyumbani na kondo ya nyuma kubaki ndani. Homa kisha kuzaa yenye haikutibiwa. Ndiyo sababu tunaona wanawake wengi wenye walizaa mutoto mumoja ao wawili, kisha uzazi ukasimama. Katika Afrika yetu ya kati hiyo inaonekana sana, pengine zaidi kuliko kukosa mutoto tangu mwanzo. Watu wanasema «amefungwa». Ni kweli amefungwa, lakini kovu ndilo lilimufunga.

Na nguo zenye kuingizwa ndani, majani ya «kusafisha tumbo», maji ya ndimu, unga wa kukausha: wamama, tuviache. Uke unajisafisha wenyewe. Vitu hivyo vinachubua na kufungulia viini njia.

Niseme neno moja juu ya jambo lenye tunalijua sana katika Kivu hii. Mwanamuke ao musichana mwenye amebakwa apelekwe hospitali ndani ya saa 72. Huko kuna dawa za kumukinga na Ukimwi, za kutibu magonjwa mengine ya zinaa mbele hayajapanda, na za kuzuia mimba. Kukinga mirija ya mutoto wa miaka 15 ni kumukingia watoto wake wa kesho. Hata kama saa 72 zimepita, aende tu. Sehemu ya matunzo bado inafaa.

Mambo mengine kwa upande wa mwanamuke

Yai kukosa kutoka ni sababu kubwa ya pili. Kuna ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi vidogo: damu inakuja baada ya miezi miwili, mitatu, nywele zinaota kwenye kidevu, kilo zinapanda. Kuna kikoromeo, ile tezi ya shingo, chenye kufanya kazi kidogo ao kupita kipimo. Kuna mwanamuke mwenye maziwa yanatoka kwenye matiti na hana mutoto wa kunyonyesha. Hiyo haiko laana, ni homoni moja imepanda, na kuna vidonge vya kuishusha. Kuna pia njaa na hofu. Mwanamuke mwenye amekimbia vita, amekonda, halali usiku, mwili wake unaweza kusimamisha mayai kwa muda. Mwili unafanya hesabu yake.

Miyoma ni uvimbe ndani ya kizazi, na wengi wanaiogopa kupita kipimo. Wanawake wengi wana miyoma na wanazaa. Inategemea mahali iko na ukubwa wake. Ile yenye kusukuma ndani ya chumba cha kizazi ndiyo yenye kusumbua mimba. Mutu asikubali kupasuliwa kwa sababu tu ekografi imesema «miyoma». Aulize iko wapi.

Uchungu wa mwezi wenye unamulaza musichana kitandani kila mwezi, mpaka anakosa masomo, hauko jambo la kuvumilia tu. Unaweza kuwa endometriosi, ngozi ya ndani ya kizazi yenye kuota nje yake. Katika darasa langu ninawaona wasichana hao. Wanaambiwa wakizaa watapona. Na wakati wa kuzaa, wengine wao ndio wanapata shida.

Kwa wenye walikulia kando ya maji ya Katanga ao ya Maniema, bilharzia ya mukojo inaweza kuumiza pia mulango wa kizazi na mirija. Dawa yake, prazikanteli, ni ya bei ndogo.

Halafu kuna miaka. Mayai yanazeeka pamoja na mwenyewe. Kisha miaka 35 bahati inashuka mbio, na kisha 40 zaidi. Dawa haijapata kulizuia.

Kuhusu vijiti vya mukono, vidonge na sindano za kupanga uzazi: haviharibu kizazi. Mwenye anatoa kijiti ao anaacha vidonge, mimba inaweza kuingia mwezi uleule. Sindano ya miezi mitatu peke yake inakawisha. Kutoka sindano ya mwisho mimba inaweza kungoja miezi tisa ao kumi, wakati mwingine zaidi, kisha uzazi unarudi. Ni vizuri kujua mbele, ili mutu asifikiri amepotea.

Na bwana?

Hapa ninaandika kwa herufi kubwa katika kichwa changu. Katika ndoa zenye kukosa mutoto, karibu nusu zina tatizo kwa upande wa mwanaume, peke yake ao pamoja na la bibi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba karibu mutu mumoja juu ya sita duniani anapitia shida hiyo katika maisha yake. Mutu, si mwanamuke.

Wanaume wetu wanachanganya nguvu ya kitandani na uzazi. Ni vitu viwili. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote, maji yakatoka ya kutosha, na ndani yake hakuna mbegu hata moja. Mbegu hazionekani kwa macho. Inaomba laboratwari na mikroskopi. Wanahesabu mbegu ngapi ziko katika mililita moja (chini ya milioni 16 wanasema ni kidogo), ngapi zinatembea, ngapi zina umbo zuri.

Kuna familia moja ninaijua, sitataja komini. Ndoa ilikuwa na miaka minane. Wakwe walikuja mara tatu kudai bukwe lirudishwe, na mara ya ine hawakudai, walileta binti mwingine. Wa kwanza akaondoka na sanduku moja. Yule wa pili akakaa miaka miwili, tumbo kimya, na yeye akaanza kuitwa majina yaleyale, na wamama walewale. Ni yeye aliyekataa. Alisema hataingia tena katika chumba cha maombi wala kunywa majani ya mutu mpaka bwana apimwe. Bwana alipimwa mara mbili: hakuna mbegu. Munganga akamuuliza kama alivimba mashavu wakati wa ujana. Alikuwa na miaka 16, na mapumbu pia yalivimba wakati ule, lakini nani angeongea juu ya hiyo? Wa kwanza aliolewa upande wa Uvira na leo ana watoto wawili. Bukwe lake halikuwa na kosa.

Ugonjwa ule wa kuvimba mashavu, kwa mutoto mudogo, mara nyingi unapita bila kitu. Kwa kijana aliyekwisha kubalehe unaweza kushuka kwenye mapumbu. Sababu zingine ni mishipa yenye kuvimba kwenye mapumbu, yenye inaweza kupasuliwa. Kisonono cha zamani kilichoziba njia. Mapumbu yenye hayakushuka wakati mutoto alizaliwa. Wamama wenye watoto wa kiume, mutazame mutoto wakati wa kumuosha: kama kisha miezi sita pumbu moja halijashuka, mumupeleke. Sukari pia inaharibu, na pombe kali, zile za chupa ndogo zinazouzwa kila kona, na sigara, na dawa za kuongeza misuli. Joto lenye kudumu nalo: wenye kufanya kazi mbele ya oveni ya mukate, wenye kukaa juu ya injini ya lori siku nzima. Kwa wachimbaji na wenye kuyeyusha betri, risasi ni sumu ya mbegu.

Mwenye anaacha pombe leo asipimwe wiki ijayo. Ni pale zile siku zaidi ya 70 za mbegu kukomaa zinaingia: matokeo mazuri yataonekana kisha miezi mitatu.

Na kwa kuwa tumefika kwa mabwana: mwanamuke mwenye anazaa wasichana tu, haiko yeye anayechagua. Yai lake kila mara lina X. Mbegu ya bwana ndiyo inaleta X ao Y. Ninafundisha hiyo kila mwaka, na kila mwaka vijana wa nyuma ya darasa wanaguna.

Maombi, majani na biro ya pili

Mimi ninasali, na sitamwambia mutu asisali. Lakini mwenye kusema «acha dawa, hiyo ni kukosa imani» anachukua miaka ya mwanamuke, na miaka ile harudishi. Kuna dada wenye walifika hospitali na miaka 41 kisha kufunga na kukesha miaka kumi. Kwa wenye majani, ulizo langu ni moja tu: alimupima nani mbele ya kutoa dawa? Maana mirija yenye kovu haifunguki kwa kunywa.

Ulizo hilohilo ni kwa wenye kuuza klomifeni sokoni, vidonge vya kuamsha mayai. Ni dawa nzuri kwa mwenye mayai hayatoki. Kwa mwenye mirija imefungwa haifanyi kitu, na kwa mwenye mayai tayari yanatoka vizuri inaweza kuleta mapacha ao kuvimbisha ovari. Na kama tatizo ni la bwana, bibi anameza bure.

Bwana mwenye anatafuta «biro ya pili» ili apate mutoto, ajue kwamba sheria ya familia ya inchi yetu, ile ya 1987 yenye ilirekebishwa mwaka wa 2016, inakubali muke mumoja. Hata mbele ya sheria, kwanza apimwe. Inagharimu kidogo sana kuliko bukwe la pili.

Kwenda kupimwa

Muende wawili. Kituo cha afya kinaweza kuanza. Si lazima kukimbilia hospitali kubwa. Mambo ya bei ndogo ndiyo ya kwanza: kuongea, kupima magonjwa ya zinaa na Ukimwi, na maji ya bwana. Mara nyingi ninasikia bibi amefanya ekografi tano na bwana hajafanya kitu; huko ni kutupa feza. Kwa kupima maji, bwana akae siku mbili mpaka saba bila kulala na mutu, na maji yafike laboratwari ndani ya saa moja, yasipigwe na baridi. Kama matokeo ni mabaya, yarudiliwe mbele ya mutu yeyote kulia.

Picha ya mirija inafanywa kisha damu kumalizika na mbele yai halijatoka, karibu siku ya 6 mpaka ya 11. Wanapitisha maji yenye kuonekana kwa radiografi. Inauma kwa muda mufupi. Muombe dawa ya kutuliza mapema. Wengine wamepata mimba miezi michache kisha picha ile, sababu maji yalisukuma uchafu mudogo uliokuwa unaziba.

Mwenye virusi vya Ukimwi anaweza kuzaa. Kama anameza dawa vizuri mpaka virusi havionekani tena kwenye damu, haambukizi muchumba wake kwa kulala naye, na mutoto anakingwa. Amuambie munganga kwamba anatafuta mutoto, asifiche.

Mirija ikiwa imefungwa kabisa, inabaki kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili. Mutoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25/7/1978, na mama yake alikuwa na mirija yenye kuziba kama ya dada wengi wa hapa. Watu wetu wenye uwezo wanaenda Kampala ao Nairobi. Ni maelfu ya dola na haifaulu kila mara. Mutu asiuze parsele yake bila kuuliza wazi bahati yake ni ngapi kwa miaka yake.

Mbele ya kwenda, bibi akamate daftari ndogo. Aandike siku ya kwanza ya damu kwa miezi mitatu ao ine, damu ilidumu siku ngapi, uchungu ulikuwa namna gani. Aandike mimba zote zilizopita, hata zenye zilitoka, hata zile zenye hakuna mutu nyumbani anazijua. Hizo amwambie munganga wakiwa peke yao, na ana haki ya kuomba bwana atoke kidogo. Bwana naye aandike magonjwa ya ujana, dawa anazomeza, na kama ana mutoto nje, aseme. Na kuanzia sasa bibi anaweza kuanza kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, ili siku mimba itakapoingia uti wa mugongo wa mutoto ukute chakula chake tayari.